Siri ni Amana ya Nani? Kiapo cha Ofisi, Dhamiri na Ushahidi katika Bonde la Ufa

Miongoni mwa maswali yanayokutanisha maadili ya dini na falsafa ya sheria, lipo moja ambalo dola ya Kenya imezoea kulijibu kwa vitisho badala ya hoja: mtu aliyeapa kutunza siri za ofisi, kisha akagundua kuwa siri hizo zinafunika wizi au damu iliyomwagwa, je, anafungwa na kiapo chake au anafunguliwa na dhamiri yake? Katika eneo la kati la Bonde la Ufa, kuanzia Narok hadi Naivasha na kutoka Nakuru hadi Molo, swali hili limewagharimu watu kazi, makazi na uhai. Kwa hiyo anayelichunguza kwa makini hana budi kulichunguza papo hapo, mahali ambapo majibu yake yameacha alama, na si katika vitabu vya wanazuoni peke yake.

Chombo kikuu ambacho dola imekitegemea ni Sheria ya Siri Rasmi, yaani Sura ya 187 ya Sheria za Kenya, iliyopitishwa mwaka 1968, miaka mitano tu baada ya uhuru, kwa kufuata kwa karibu sheria za Uingereza za 1911 na 1920. Shabaha yake ya kwanza ni ujasusi, yaani kazi ya kuchota habari za ulinzi wa nchi kwa manufaa ya adui, na hakuna raia mwenye busara atakayepinga jasusi kuadhibiwa. Lakini kifungu cha 3 hakikuishia kwa jasusi, kwa kuwa kinamfikia pia mtumishi wa umma aliyepata habari kwa sababu ya kazi yake, akampa mtu asiyeidhinishwa kuipokea, na adhabu iliyowekwa ikaweza kufika miaka 14 gerezani. Kifungu hakiulizi kwanza kama habari yenyewe ilistahili kufichwa. Hakitenganishi ramani ya kambi ya jeshi na hati ya malipo ya udanganyifu, wala hakimpi mshtakiwa nafasi ya kujitetea kwamba alichofichua kilihusu maslahi ya umma. Waingereza, ambao ndio wazazi wa sheria hiyo, walikifuta mwaka 1989 kifungu cha 2 cha sheria yao ya 1911, ambacho kilikuwa kimefanya karibu kila karatasi ya serikali kuwa siri, ilhali koloni lao la zamani lilibaki na urithi ambao mwenye mali alikuwa ameukataa.

Mtu ambaye sheria ya namna hii humwumiza zaidi ni mfichuzi. Kwa neno hilo hapa humaanishwa mtu aliye ndani ya taasisi, awe karani, mhasibu, muuguzi au askari, ambaye kwa nia njema hutoa habari za uovu unaotendwa humo ili ukomeshwe. Hafanani na mmbea, ambaye hueneza ya watu kwa starehe yake, wala na jasusi, ambaye huuza ya nchi kwa faida yake au ya bwana wake. Mfichuzi kwa kawaida hapati chochote, na mara nyingi hupoteza hata kile alichokuwa nacho. Mwanahabari ni mwenzake katika kazi hiyo, kwa sababu habari iliyotolewa na karani bila kufika kwa umma huishia kwenye droo nyingine, na sheria inayomlinda mmoja huku ikimwacha mwenzake haijamlinda yeyote.

Mfano ulio wazi kuliko yote nchini ni wa David Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya. Kampuni iliyoitwa Goldenberg International ilikuwa imepewa haki ya pekee ya kuuza dhahabu na almasi nje ya nchi, na kwa kila shehena iliyodai kuuza ililipwa fidia ya mauzo ya nje, yaani motisha ambayo serikali huwapa wafanyabiashara wanaoiletea nchi fedha za kigeni. Kiwango chake kilikuwa asilimia 35 ilhali kiwango cha kawaida kilikuwa asilimia 20, na haya yalifanyika katika nchi isiyo na migodi ya almasi na ambayo dhahabu yake ilikuwa haba. Nyaraka za malipo hayo zilipita mikononi mwa Munyakei. Alipotambua zilivyokuwa, nakala zikawafikia wanasiasa wa upinzani na mwaka 1993 jambo hilo likasemwa Bungeni. Dola ilipoitikia, haikuanza na waliochukua fedha. Ilianza na karani, ambaye alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Siri Rasmi. Hakutiwa hatiani, lakini alifukuzwa kazi, akaenda kuishi Mombasa, na hatimaye akajikita Olokurto, katika Narok, mbali na benki na mbali na sifa. Shirika la Transparency International lilimpa tuzo ya uadilifu mwaka 2004. Alifariki mwaka 2006, mwaka ule ule ambao ripoti ya Tume ya Jaji Bosire kuhusu kashfa hiyo ilitolewa kwa umma, na alifariki bila kurudishwa kazini.

Inafaa kutazama siri yenyewe ilikuwa ya namna gani. Mwaka huo wa 1993 mfumuko wa bei, yaani kasi ya kupanda kwa bei za bidhaa, ulikaribia asilimia 46, thamani ya shilingi ikaporomoka, na fedha zilizochotwa na Goldenberg zilikuwa sehemu ya sababu. Mkulima wa Njoro aliyenunua mbolea, na mama wa Nakuru aliyenunua unga sokoni, walilipa sehemu yao ya wizi huo bila kujua walikuwa wakilipia nini. Wao ndio waliokuwa wenye fedha, na wao ndio waliofichwa. Munyakei hakumpelekea adui wa Kenya mali ya Kenya. Aliwapelekea wenye mali taarifa ya mali yao. Katika lugha ya kawaida ya maadili, kitendo hicho huitwa uaminifu, na sheria iliyokiita kosa ilikuwa imekosea juu ya jambo la msingi, nalo ni nani hasa aliyemwamini karani yule na kumweka pale.

Hata hivyo upande wa pili una hoja inayostahili kujibiwa kwa heshima. Kiapo ni jambo zito katika dini zote zinazofuatwa Bonde la Ufa, na pia katika mila za wenyeji, ambako kula kiapo kwa uongo kulidhaniwa kuleta maafa juu ya ukoo mzima. Kama kila karani ataamua mwenyewe ni kiapo kipi kinamfunga, ofisi haziwezi kufanya kazi, na maneno ya mtu hayatakuwa na thamani. Mwanateolojia Tomaso wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, aliichukua hoja hii kwa uzito. Alipokuwa akichambua wajibu wa shahidi katika kitabu chake kikubwa cha teolojia, alitenga kwanza yale ambayo padri huyasikia katika kitubio, akasema hayo hayawezi kufichuliwa kwa hali yoyote, kwa sababu padri huyajua kama mhudumu wa Mungu na si kama mtu. Kisha akageukia siri nyingine ambazo mtu hukabidhiwa na mwenzake. Hizo, kwa maoni yake, hutunzwa kwa uaminifu, isipokuwa pale ambapo kunyamaza kutaleta madhara kwa jamii au hasara kubwa kwa mtu, kwa kuwa hakuna ahadi inayoweza kumfunga mtu dhidi ya manufaa ya wote. Kwa Tomaso, basi, anayesema katika hali hiyo havunji ahadi, maana ahadi yenyewe haikupata kamwe nguvu ya kufika huko. Kiapo ni tendo la ibada, na mtu hawezi kumwita Mungu awe shahidi wa ushirikiano wake katika uovu.

Wanazuoni wa Kiislamu walifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Uislamu unakataza vikali ghiba, yaani kumtaja mtu kwa jambo asilolipenda akiwa hayupo, na katazo hilo lingeweza kuwa kimbilio zuri la mwizi mwenye cheo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake Riyadhu Swalihin husomwa katika madrasa nyingi za Afrika Mashariki, aliorodhesha hali sita ambazo ndani yake kumtaja mtu kwa ubaya si dhambi, na zilizo muhimu hapa ni tatu: aliyedhulumiwa kumshtaki mdhalimu kwa mwenye mamlaka, mtu kutafuta msaada wa kuondoa uovu, na kuwatahadharisha watu juu ya shari inayowakabili. Qurani yenyewe, katika aya ya 283 ya Sura ya Al-Baqara, inamhesabu anayeficha ushahidi kuwa mwenye moyo wenye dhambi, na katika aya ya 135 ya An-Nisaa inawataka waumini wasimamie haki hata ikiwa ushahidi wao utawageukia wao wenyewe au wazazi wao. Mafundisho ya Musa, katika Mambo ya Walawi 5:1, nayo yanambebesha uovu mtu aliyeona au kujua kisha akanyamaza anapotakiwa kushuhudia. Msisitizo katika maandiko haya yote ni mmoja, nao ni mkali kuliko ule wa wanasheria wa haki za binadamu: sheria za kisasa huzungumza juu ya ruhusa ya kusema, wakati dini zinazungumza juu ya wajibu. Na kama kusema ni wajibu, basi dola inayomfunga msemaji inamwadhibu mtu kwa kumtii Mungu wake, jambo ambalo katiba inayolinda uhuru wa dhamiri haiwezi kulikubali kwa utulivu.

Falsafa isiyoegemea dini nayo ina kipimo chake. Immanuel Kant, katika insha yake ya 1795 kuhusu amani ya kudumu, alipendekeza kwamba kitendo chochote kinachogusa haki za wengine si cha haki iwapo kanuni yake haiwezi kutangazwa hadharani bila kujivunja yenyewe. Kipimo hiki ni kikali, na kikitumiwa bila uangalifu kinaweza kudai mno, kwa sababu yapo mambo mema yanayohitaji giza kwa muda, kama vile mpango wa polisi wa kumkamata muuaji. Lakini Kant alizungumzia kanuni, wala si kila jambo dogo linalotendwa kwa kufuata kanuni hiyo. Serikali inaweza kutangaza bila aibu kwamba huficha mipango ya kukamata wauaji hadi wakamatwe. Haiwezi kutangaza kwamba huficha malipo kwa kampuni isiyouza kitu. Tofauti hiyo inatosha kuwa msingi wa sheria nzima.

Wapo wanaodhani kuwa kutetea wafichuzi ni kutaka kila jambo liwekwe uwanjani, na dhana hiyo huharibu mjadala kabla haujaanza. Hali ya afya ya mgonjwa katika hospitali ya kaunti ni siri, jina la mtoto aliyenajisiwa ni siri, na jina la mfichuzi mwenyewe ni siri ambayo huenda uhai wake unaitegemea. Bonde la Ufa lina mfano bora wa siri ya haki. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambayo mnamo Januari 2008 yaliwachoma watu wa Nakuru na Naivasha kwa namna isiyosahaulika, Tume ya Jaji Philip Waki iliyachunguza na kuweka majina ya washukiwa wakuu katika bahasha iliyofungwa, ikamkabidhi msuluhishi Kofi Annan, ambaye mwaka 2009 aliipeleka kwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai baada ya nchi kushindwa kuunda mahakama yake. Bahasha ile ilikuwa siri, lakini ilikuwa na kusudi lililotangazwa na masharti yaliyojulikana, na zaidi ya yote, mtunzaji wake hakuwa miongoni mwa waliokingwa nayo. Hapo ndipo penye kiini cha suala lote: siri huwa halali pale ambapo anayeitunza na anayenufaika nayo si mtu mmoja, na hugeuka dhuluma pale ambapo mwenye kunufaika ndiye pia hakimu wa kuamua idumu au ifunguliwe. Sheria ya Siri Rasmi inaikabidhi wizara au idara uamuzi wa nini kiwe siri, hata pale ambapo kilichomo ndani ya faili ni makosa ya wizara au idara hiyo hiyo.

Hoja ya amani inahitaji kujibiwa kwa kirefu zaidi, kwa kuwa katika eneo hili ndiyo inayosemwa mara nyingi na kwa unyofu mkubwa. Nchi iliyowahi kuona nyumba zikichomwa kwa sababu ya uvumi, husema watu, haina budi kuwa na ulinzi juu ya maneno. Serikali ilitumia hoja hiyo tarehe 30 Desemba 2007 ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Iliitumia mapema zaidi, mnamo Septemba 1993, ilipotoa kanuni za usalama wa umma zilizofunga maeneo ya Molo, Londiani na Burnt Forest, wasiokuwa wakazi, wakiwemo wanahabari, wasiruhusiwe kuingia. Mwaka huo huo polisi walivamia kiwanda cha uchapishaji cha Fotoform jijini Nairobi na kuondoa sehemu za mitambo yake. Ni mwaka ule ule wa kukamatwa kwa Munyakei, na haikuwa sadfa tupu: dola iliyotikiswa na vyama vingi ilikuwa ikifunga kila mlango ambao habari ingeweza kupitia.

Je, kufungwa kwa Molo kulileta amani? Mapigano ya kikabila yaliyoanza mwaka 1991 yalirudi Nakuru, Njoro na maeneo ya jirani mwanzoni mwa 1998, baada ya uchaguzi uliofuata, kisha yakarudi tena kwa ukubwa wa kutisha mwaka 2008. Mwaka 1998 serikali iliunda Tume ya Jaji Akilano Akiwumi ichunguze machafuko hayo, na wananchi wengi, baadhi yao wakiwa wamepoteza kila kitu, walijitokeza wakaeleza waliyoyaona. Tume ilimaliza kazi na kukabidhi ripoti mwaka 1999, lakini ripoti hiyo haikutolewa kwa umma hadi Oktoba 2002. Kwa miaka mitatu, maneno ambayo wananchi walikuwa wameyasema kwa vinywa vyao yalikuwa siri ya serikali, wasiruhusiwe kusoma hitimisho la ushahidi wao wenyewe. Hakuna adui wa nje aliyekuwa akilindwa kwa siri hiyo. Waliokuwa wakilindwa walikuwa waliotajwa. Palipokosekana habari ya kweli, kila jamii ilitunga ya kwake kuhusu nani aliyeanza na nani aliyetumwa, na simulizi hizo zilirithiwa na vijana ambao walikuwa watoto mwaka 1992. Kwa hiyo ni haki kusema kwamba uvumi uliochoma nyumba mwaka 2008 ulilelewa kwa sehemu na siri ile ile iliyodaiwa kuuzuia.

Padri John Anthony Kaiser alikuwa mmoja wa waliotoa ushahidi mbele ya tume hiyo. Alikuwa Mmarekani wa shirika la wamisionari wa Mill Hill, aliyekuwa amehudumu Kenya tangu mwaka 1964, na alikuwa akiwahudumia maelfu ya watu waliofukuzwa Enoosupukia mwaka 1993 na waliokuwa wamejibanza katika kambi ya Maela, karibu na Naivasha. Mwishoni mwa 1994 maafisa wa serikali walipoivunja kambi hiyo na kuwasafirisha watu usiku kwa malori, yeye naye aliondolewa kwa nguvu. Mwaka 1999 alisimama mbele ya tume akataja majina ya wakubwa aliowahusisha na kufukuzwa huko. Muda mfupi baadaye serikali ilitaka kumtoa nchini. Mnamo Machi 2000 Chama cha Mawakili cha Kenya kilimpa tuzo ya haki za binadamu, na tarehe 24 Agosti mwaka huo mwili wake ulipatikana kando ya barabara ya Nakuru, eneo la Morendat, Naivasha, ukiwa na jeraha la risasi. Wachunguzi wa Shirika la Upelelezi la Marekani walihitimisha kwamba alijiua, hitimisho ambalo maaskofu wa Kikatoliki walilikataa. Uchunguzi wa kimahakama, yaani kikao cha hakimu cha kutafuta sababu ya kifo chenye utata, uliamua tarehe 1 Agosti 2007 kwamba aliuawa na mtu mwingine. Hakuna aliyehukumiwa kwa kifo hicho.

Kisa cha Kaiser kinaonyesha kwamba kufuta kifungu cha siri hakutoshi. Yeye hakuvunja kiapo cha ofisi yoyote. Alisema mbele ya chombo kilichoundwa na dola yenyewe, kwa mwaliko wa sheria, mchana kweupe. Alichokosa ni ngao baada ya kusema. Sheria ya Kuwalinda Mashahidi ilikuja mwaka 2006. Na mlima ambao wanahabari wa eneo hili wamelazimika kuupanda ulionekana tena Aprili 2015, John Kituyi, mhariri wa gazeti la Mirror Weekly la Eldoret, alipouawa akirejea nyumbani kwake. Anayetaka ushahidi utolewe lazima kwanza ahakikishe kwamba shahidi atafika nyumbani.

Tangu Katiba ya 2010, Kenya imepiga hatua ambazo haifai kuzidharau. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Ibara ya 34 inalinda uhuru wa vyombo vya habari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, katika kifungu cha 16, inakataza kumwadhibu mtu kazini kwa kutoa habari alizozipata kwa siri ikiwa utoaji huo ni kwa maslahi ya umma, na Sheria ya Hongo ya mwaka huo huo inamtishia faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha mwaka 1 anayemsumbua mtoa taarifa. Mahakama Kuu nayo, mnamo Februari 2015, ilibatilisha sehemu za sheria ya usalama ya 2014 zilizobana uandishi wa habari. Lakini vifungu hivi vimetawanyika, na karani wa ofisi ya ardhi ya Nakuru anayeona hati mbili za shamba moja hawezi kutarajiwa kuajiri wakili ili ajue kama amelindwa. Miswada ya sheria mahususi ya kuwalinda wafichuzi imeandaliwa zaidi ya mara moja, na hadi mwisho wa 2024 hakuna hata mmoja uliokuwa umekuwa sheria.

Majirani wametangulia. Uganda ilitunga sheria yake ya kuwalinda wafichuzi mwaka 2010, ikiwaahidi asilimia 5 ya fedha zitakazookolewa kutokana na taarifa zao, na Tanzania ikafuata mwaka 2015 kwa sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Hata hivyo mfano wao unapaswa kuigwa kwa tahadhari. Sheria zote mbili zinamlinda anayepeleka habari kwa mamlaka iliyotajwa, na zinamwacha nje anayempelekea mwanahabari. Nazo zinasimama kando ya sheria za siri ambazo nchi hizo hazikuzifuta. Katika nchi ambamo mamlaka yenyewe huenda ndiyo iliyooza, hilo ni sawa na kumwambia mtu apeleke malalamiko yake kwa anayelalamikiwa. Kama Munyakei angelazimika kuripoti Goldenberg kwa wakubwa wa serikali ya 1993 peke yao, hakuna Mkenya angeijua hadi leo.

Jambo jingine ambalo sheria ya siri rasmi hailigusi kabisa ni uovu unaofichwa katika mali ya binafsi. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel huko Solai, katika kaunti ya Nakuru, lilipasuka usiku na kuwaua watu wasiopungua 47, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Katika mashamba makubwa ya eneo hilo, kama ilivyo katika mashamba ya maua ya Naivasha, wanaoijua hatari mapema ni wafanyakazi: msimamizi wa mitaro, dereva wa trekta, anayepuliza dawa. Hawa hawakuapa kiapo cha serikali, lakini kibarua chao na mara nyingi nyumba yao vinategemea ukimya wao. Sheria itakayowalinda makarani wa Nairobi na kuwasahau vibarua wa Solai itakuwa imewasaidia walio na sauti tayari.

Mageuzi yanayohitajika, basi, yana sura inayoeleweka. Sheria ya Siri Rasmi ipunguzwe hadi ibaki na ujasusi na mambo machache ya ulinzi yaliyotajwa kwa majina, na mzigo wa kuthibitisha madhara uwe juu ya serikali inayodai siri, wala si juu ya anayeshtakiwa. Mshtakiwa apewe utetezi wa maslahi ya umma, na hakimu aruhusiwe kuisoma nyaraka yenyewe faraghani kabla ya kuamua, kwa sababu siri isiyoweza kuonwa hata na jaji imemfanya waziri kuwa jaji. Kila siri iwekewe muda wa kumalizika. Mwanahabari asilazimishwe kumtaja aliyempa habari, isipokuwa kwa amri ya mahakama na pale tu ambapo uhai wa mtu uko hatarini. Ulinzi umfikie anayezungumza na vyombo vya habari baada ya njia za ndani kushindikana au pale zinapokuwa mikononi mwa watuhumiwa. Na mfichuzi aliyefukuzwa arudishwe kazini au alipwe, kwa kuwa tuzo iliyotolewa miaka kumi na moja baadaye hailishi familia.

Wapo watakaosema kwamba taasisi kongwe hazibadiliki. Kanisa Katoliki, ambalo ni kongwe kuliko dola zote za Afrika Mashariki, liliteseka na kuwatesa waumini wake kwa miaka mingi kwa kufunika makosa ya baadhi ya makasisi chini ya kile kilichoitwa siri ya kipapa. Mwaka 2019 Papa Fransisko aliwalazimisha makasisi na watawa kuripoti dhuluma za kingono kwa wakubwa wa Kanisa, na mnamo Desemba mwaka huo akaiondoa siri ya kipapa katika kesi hizo, huku muhuri wa kitubio ukibaki kama ulivyokuwa. Hatua hiyo ilichelewa na haikuyaponya yote. Lakini imethibitisha kwamba taasisi inaweza kutofautisha siri inayomlinda mtu aliye dhaifu mbele ya Mungu na siri inayomlinda mwenye cheo mbele ya sheria, na ikaivunja ya pili bila kuigusa ya kwanza. Bunge la Kenya halina udhuru wa kushindwa na kazi nyepesi kuliko hiyo.

Makanisa na misikiti ya Bonde la Ufa yana sehemu yake katika kazi hiyo, na historia yao inawapa haki ya kuidai. Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyekuwa askofu wa Nakuru kuanzia 1971 hadi 1996, alizungumza juu ya mapigano ya Molo wakati ambapo kuzungumza kulikuwa na bei, na waliofuata nyayo zake wapo katika madhehebu yote. Ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi katika utungaji wa sheria, na hilo hufanyika kwa barua na mawasilisho ambayo kikundi chochote cha waumini kinaweza kuyaandaa. Mswada wa kuwalinda wafichuzi utakaporudi Bungeni, Jimbo Katoliki la Nakuru, maimamu wa Nakuru na Naivasha, na wachungaji wa Molo na Narok wapeleke mawasilisho yao kwa maandishi, wataje kifungu cha 3 cha Sura ya 187 kwa namba yake, na watake kipunguzwe hadi kibaki na ujasusi na mambo machache ya ulinzi.